Ngazi tatu mbele ya jumba la mikutano
Somo kwa kamati za amani, viongozi wa kambi na familia zilizohama



Tunapotaja haki za binadamu, wengi wetu tunafikiria kwanza mauaji, ubakaji, kufungwa bila hukumu na kunyang'anywa mashamba. Ni kweli, hayo ndiyo yaliyotutoa majumbani mwetu. Lakini katika somo hili tunawaomba mtazame kitu kidogo ambacho mnakipita kila siku bila kukiona: ngazi zilizo mbele ya jumba lenu la mikutano.

Tuchukue mfano. Familia mbili zinagombania shamba baada ya watu kurudi kutoka ukimbizini. Kamati ya upatanisho inaziita. Mkutano unafanyika katika chumba cha shule chenye ngazi tatu na mlango mwembamba. Mwenye shamba ni baba aliyepoteza mguu wakati wa vita, na anafika na kigari chake mpaka chini ya ngazi. Vijana wanajitolea kumbeba mgongoni. Anakataa, kwa sababu hataki kuingia mbele ya mtu anayeshindana naye akiwa amebebwa kama mtoto mchanga. Basi wanamwambia, "Si kitu, baba, mdogo wako atakuwakilisha." Mdogo wake anaingia, anakubali shamba ligawanywe nusu kwa nusu, karatasi inatiwa sahihi, watu wanapiga makofi. Yule baba yuko nje juani. Yeye anasikia makofi tu.

Je, ugomvi huo umekwisha? Katika kitabu cha kamati, umekwisha. Moyoni mwa baba yule na watoto wake, ndiyo kwanza umeanza. Siku moja watoto watasema, "Shamba letu liligawanywa baba akiwa nje." Nasi tunaoishi Kivu na Ituri tunajua vizuri ugomvi wa mashamba unaweza kufika wapi.

Ndiyo maana jarida la amani linazungumza leo juu ya ngazi na milango. Mahali ambapo watu wanakutana kuamua, mlango ni sehemu ya uamuzi. Asiyeweza kuingia hahesabiwi, hata kama hakuna mtu aliyekusudia kumfukuza.

Neno tunalolitumia

Vijijini tunasema "kilema". Wengine hata hawasemi jina la mtu. Wanasema "kile kilema cha kwa fulani". Sikilizeni jinsi lugha inavyofanya kazi hapo: ki- hiyo ndiyo ya kitu, kiti na kijiko. Mtu amewekwa katika fungu la vitu, na kitu hakiulizwi maoni yake mkutanoni. Tuseme "mtu mwenye ulemavu" au "mtu anayeishi na ulemavu", kama sheria ya Kongo inavyosema siku hizi.

Kuna jambo lingine la kuelewa. Zamani tulifundishwa kwamba ulemavu uko ndani ya mwili wa mtu, basi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu unaona zaidi ya hapo: kuna mwili wa mtu, na kuna vizuizi ambavyo mtu huyo anakutana navyo. Rudini kwa yule baba wa mfano wetu. Alikuwa amekwisha kufika shuleni kwa mguu wake mmoja na kigari chake. Kilichomzuia ni ngazi. Ondoeni ngazi: mguu haujaota, lakini mtu ameingia.

Sheria inasema nini

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kupata ulinzi wa pekee kufuatana na mahitaji yao. Inaongeza kwamba Serikali ina wajibu wa kuhimiza watu wenye ulemavu wawepo katika vyombo vya uongozi vya taifa, vya jimbo na vya mtaa. Tazameni hilo neno la mwisho. Haisemi Kinshasa tu. Inasema na mtaani.

Kifungu hicho kiliahidi sheria ya kueleza jinsi haki hiyo itakavyotekelezwa. Sheria hiyo, namba 22/003, ilitiwa sahihi tarehe 3 Mei 2022. Mtoto aliyezaliwa siku Katiba ilipotoka alikuwa amekwisha kutimiza miaka kumi na sita! Katikati ya miaka hiyo, mwaka wa 2015, Kongo ilijiunga na ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa mwaka wa 2006. Kifungu chake cha 9 kinahusu moja kwa moja somo letu: majengo, barabara, shule, vituo vya afya na habari zinazotolewa kwa watu viwe vya kufikika. Kifungu cha 11 kinataka watu wenye ulemavu walindwe wakati wa vita na misiba.

Kwa sisi tuliohama kuna maneno mengine pia. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, katika kanuni ya 4, zinawataja watu wenye ulemavu kati ya wale wanaostahili ulinzi na msaada unaolingana na hali yao. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala mwaka 2009 unasema vivyo hivyo. Kwa hiyo kiongozi wa kambi anapoomba choo ambacho mama mwenye magongo anaweza kukitumia, haombi sadaka. Anakumbusha ahadi.

Tuseme ukweli pia. Sheria peke yake haimwagi simenti. Ofisi nyingi za serikali zenyewe zina ngazi mlangoni. Tena kuna mahali ambapo utawala ulibadilika mikono, kama Goma mnamo Januari 2025 na Bukavu mnamo Februari mwaka huo huo, na barua iliyoandikwa kwa ofisi fulani huenda isimkute mtu wa kuisoma. Hapo lazima tujiulize swali la karibu zaidi.

Jengo ni la nani?

Hesabuni majengo ambamo maisha yenu yanaamuliwa. Kuna shule, na katika nchi yetu shule nyingi zinasimamiwa na makanisa. Kuna kanisa au msikiti wenyewe, kituo cha afya, ofisi ya chefu wa mtaa, na baraza ambamo wazee wanasikiliza kesi. Kambini kuna banda la kugawia chakula na meza ya kuandikisha majina. Mengi ya majengo hayo hayangoji amri ya waziri. Mchungaji, padri, imamu, mkuu wa shule pamoja na kamati ya wazazi, au chefu mwenyewe anaweza kuamua leo, na kesho kazi ikaanza.

Viongozi wa dini wanaijua habari ya mgonjwa wa kupooza aliyeletwa Kapernaumu na watu wanne. Nyumba ilijaa mpaka mlangoni. Wakapanda juu, wakatoboa paa la nyumba ya wenyewe. Watu wengi wanahubiri juu ya imani ya wale wanne, na ni vizuri. Sisi tungependa siku moja tusikie mahubiri juu ya mlango ule uliozibwa. Waislamu nao wanaikumbuka habari ya Ibn Umm Maktum, kipofu aliyekuja kuuliza wakati wakubwa wa mji walipokuwa wakizungumziwa, na jinsi Mtume alivyoonywa kwa kumgeuzia uso.

Kuna sababu nyingine ya kuanza na majengo haya ya kudumu. Kambi zinaondoka. Kambi za Bulengo na Lushagala karibu na Goma ziliachwa tupu mnamo Februari 2025, na kazi yote iliyokuwa imefanywa pale ikabaki nyuma. Njia iliyojengwa mlangoni pa shule inawahudumia waliohama na wenyeji waliowapokea. Waliohama wakirudi kwao, inabaki kwa wenyeji. Wenyeji wakiona kwamba wageni wameacha kitu kizuri, jambo hilo linajenga ujirani kuliko semina nyingi.

Tembeeni jengo pamoja

Msianze kwa kununua simenti. Anzeni kwa kutembea. Mchukueni mtu anayetumia kigari, mwingine asiyeona, mwingine asiyesikia, na mama mzee anayetembelea fimbo. Anzeni nyumbani kwao, si mlangoni pa jengo, kwa maana mara nyingi kizuizi cha kwanza kiko njiani. Huko Goma ni mawe ya volkano, makali na yenye kuyumba, ambayo yanakula magurudumu. Milimani Masisi au Kalehe ni matope na mtelezo wakati wa mvua. Mwacheni kila mmoja aseme mwenyewe, "Hapa nashindwa." Kazi ya kiongozi siku hiyo ni kuandika, tena kunyamaza.

Bebeni mita ya fundi. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 kwa uchache. 90 ni bora. Ndani pawepo nafasi ya mita moja na nusu ambapo kigari kinaweza kugeuka.

Sasa njia ya mteremko. Hapa ndipo makosa mengi yanafanyika, kwa hiyo tukae kidogo. Kanuni ni hii: kwa kila sentimita moja ya kwenda juu, njia iwe na sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji njia ya sentimita 180. Ngazi tatu kama zile za mfano wetu ni sentimita 45. Mara 12, ni sentimita 540, yaani zaidi ya mita tano. Watu wakisikia hivyo wanashtuka, wanakata njia kuwa mita mbili. Wanachopata ni kilima. Mtu wa kigari hawezi kukipanda peke yake, na akishuka anaanguka na uso. Kama uwanja ni mdogo, njia ipindwe: ipande kando ya ukuta, ifike mahali tambarare pa kupumzikia, igeuke, ipande tena. Ikiwa hamna namna kabisa, njia fupi ya moja kwa kumi inaweza kusaidia, lakini lazima awepo mtu wa kusukuma, nanyi mjue kwamba mmeacha kazi nusu.

Juu, mbele ya mlango, acheni mahali tambarare pa mita moja na nusu, ili kigari kisirudi nyuma wakati mtu anafungua. Pembeni wekeni ukingo wa kuzuia gurudumu lisichomoke, na mti au bomba la kushikilia, kama sentimita 90 kutoka chini. Kabla simenti haijakauka, pitisheni ufagio juu yake ili isiteleze. Chimbeni mfereji wa maji ya mvua kando, la sivyo mvua za kwanza zitakula msingi. Wasio na simenti wanaweza kutumia mawe na udongo ulioshindiliwa vizuri, au mbao zenye vipande vidogo vilivyopigiliwa kwa kukingama. Hazidumu sana, ila zinamwingiza mtu.

Tumeona pia ile tunayoiita njia ya picha. Inajengwa mwisho wa mradi, inapigwa rangi, wageni wanapiga picha, lakini inaishia kwenye mchanga au kwenye mlango unaofungwa na kufuli mwaka mzima. Mkitaka kujua kama njia ni nzuri, msimwulize fundi. Mwulizeni aliyeipanda peke yake siku ya mvua.

Msisahau choo. Mtu anayejua kwamba hakuna choo atakachoweza kutumia hanywi maji tangu asubuhi, au haji mkutanoni kabisa. Mlango wa choo ufunguke kwa nje, ili mtu akianguka ndani aweze kutolewa. Wekeni kiti cha mbao chenye tundu, mti imara wa kushikilia, na komeo la chini ambalo aliyeketi anaweza kulifikia. Choo kisiwe mbali gizani. Wanawake na wasichana wenye ulemavu wanavamiwa kwa urahisi kwa sababu hawawezi kukimbia, au hawawezi kupiga kelele, au wakisema hawaaminiwi. Komeo hapo ni jambo la usalama.

Kwa asiyeona, njia isiyobadilishwa kila wiki ni msaada mkubwa, pamoja na ukingo wa mawe ambao fimbo yake inaweza kuufuata na mtu wa kumweleza nani yuko chumbani. Kwa asiyesikia, mwanga uwe juu ya uso wa anayesema. Mwulizeni anaelewana na watu kwa njia gani, kwa kuwa si kila kiziwi amejifunza lugha ya ishara. Wengine wana ishara za nyumbani ambazo dada yao tu anazijua. Huyo dada apewe kiti karibu naye. Lakini anayeulizwa swali awe kiziwi mwenyewe, na mwulizaji amtazame yeye.

Na kama hakuna pesa hata ya mawe, hamisheni mkutano! Mkutano chini ya mwembe au katika uwanja wa kanisa hauna ngazi. Ndugu viongozi, hili mnaweza kulifanya wiki hii.

Orodha inayosema uongo

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba duniani watu wapatao bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani 16 kwa kila mia. Hatudai kwamba kila kambi ni sawa na dunia nzima. Lakini chukueni kambi yenye watu 3,000. Kwa hesabu hiyo tungetazamia watu kama 480. Ikiwa orodha ya rais wa kambi inaonyesha 12, msifurahi kwamba kambi ina afya. Wale 12 ni wale walioweza kufika mezani, au wale ambao ulemavu wao unaonekana kwa macho.

Sababu ya pili ni swali lenyewe. Ukipita hema kwa hema ukiuliza, "Humu kuna kilema?", familia itasema hakuna. Wengine wana aibu, wengine wanaogopa kuambiwa wamelaaniwa au wamelogwa. Ulizeni kwa njia nyingine: katika nyumba hii yuko nani anayepata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka mambo, kujiosha na kuvaa, au kuelewana na watu? Ni mambo sita tu, nayo hayamtukani mtu. Maswali ya namna hii yanatumika katika nchi nyingi. Mtashangaa ni wangapi watajitokeza: bibi asiyeona tena usiku, kijana ambaye tangu shambulio la kijiji hasemi, mtoto ambaye polio au konzo ilimlemaza miguu.

Orodha hiyo ina uzito. Jetoni ya chakula inafuata orodha. Siku ya kugawa, asiyeweza kusimama mstarini saa sita anampa jirani jetoni yake, na jirani anachukua sehemu yake kama malipo. Kila mtu anajua jambo hilo, lakini halisemwi. Kamati inaweza kuamua mstari wa pekee, au kupeleka gunia mpaka hemani, na kuandika ni nani aliyelipeleka.

Kudai bila kugombana

Mkiwa mmetembea, mmepima na mmehesabu, andikeni. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ya serikali ombi, peke yake au pamoja na wengine, nayo mamlaka inapaswa kujibu katika muda wa miezi mitatu. Kifungu hicho hicho kinasema mtu hawezi kushitakiwa kwa sababu ya kuandika ombi kama hilo. Barua iwe fupi: jengo gani, kizuizi gani, vipimo gani, nani anazuiwa, mnaomba nini, na ninyi wenyewe mtatoa nini. Mawe, mikono, siku mbili za kazi. Kiongozi akiona kwamba jamii imeshika jembe, ni vigumu kwake kusema hapana. Wekeni nakala, na mwombe mpokeaji aandike tarehe na kutia sahihi juu yake. Mkijibiwa kwa ukimya, kuna Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na vyama vya watu wenye ulemavu vyenyewe. Palipo hatari, kamati ipime kwanza nani atatia sahihi. Majina mengi pamoja, yakiwemo ya wazee na ya viongozi wa dini, ni salama kuliko jina moja.

Mtasikia mtu akisema, "Sisi wote tunalala chini, ninyi mnataka njia ya kigari?" Msimdharau, uchungu wake ni wa kweli. Mwulizeni tu mama mjamzito, mzee, mtu aliyejeruhiwa na mama anayeleta bidoni ya maji wanapitia wapi tangu njia ilipojengwa mahali pengine. Mara nyingi wote wanaiacha ngazi.

Na jambo la mwisho, ambalo tunaliona gumu kuliko simenti. Mtu anaweza kuingia, akapewa kiti cha pembeni, akashukuriwa kwa kuja, asiulizwe neno. Katika kamati yenye watu kumi, wawekeni wawili wenye ulemavu, mmoja wao mwanamke, wenye kura sawa na wengine. Na wasiitwe kusema juu ya ulemavu tu. Waulizwe juu ya shamba, maji, usalama na kurudi nyumbani.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Katika mtaa au kambi yenu, kesi ya mwisho ya shamba ilisikilizwa katika jengo gani? Ni nani asiyeweza kuingia humo? Alifanyaje?

Orodha yenu ina majina mangapi ya watu wenye ulemavu? Ni nani aliyeiandika, na alikuwa ameketi wapi?

Kati ya vizuizi mlivyoviona, ni kipi mnaweza kukiondoa bila pesa? Kipi kinahitaji barua, na barua hiyo iende kwa nani?

Yule baba wa mfano wetu: je, kamati ingeweza kulifungua tena shauri lake leo bila kuwasha upya moto kati ya familia mbili? Jadilini hatua kwa hatua: nani azungumze kwanza na mdogo wake, nani na jirani, na mkutano ufanyike wapi.

Tafuteni mita ya fundi. Pimeni ngazi za jengo mnalokutania leo, zidisheni mara 12, kisha tokeni nje mkatazame kama uwanja unatosha.